Magharibi ya Ujiji ni Kongo: barua ya wazi kwa wahariri wa habari za kimataifa

Kwa wahariri wa madawati ya habari za kimataifa katika magazeti, redio na televisheni za Kiswahili, Dar es Salaam, Nairobi, Bonn na popote mlipo.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Nimeziweka zote kama wanavyofanya wanasiasa jukwaani, kwa kuwa sijui ni nani kati yenu atakayeifungua barua hii.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Ujiji. Siku hizi kazi yangu ni kahawa. Baada ya alasiri nashuka kijiweni, nakuta birika liko juu ya mkaa, kashata zimepangwa kwenye sahani ya bati, na redio ya muuza kahawa imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulipotea zamani. Antena yake imeungwa na waya unaopanda hadi mwembeni. Tunakaa hapo na wavuvi waliotoka Kibirizi, fundi cherehani mmoja, vijana wa bodaboda, na jirani yangu ambaye ni katekista mstaafu. Yeye hunywa bila kashata, sukari imeshamsumbua.

Jioni moja taarifa ya habari ilisema wanamgambo wa Kiislamu wameshambulia kijiji, nchi gani sikuisikia vizuri. Kijana mmoja wa bodaboda akageuka: "Mwalimu, kumbe na wao wana mgambo? Wa manispaa?" Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Huku kwetu mgambo ni yule anayekimbizana na wauza ndizi barabarani. Mtu akisikia "wanamgambo" anaona kirungu na kofia, haoni bunduki wala jangwa.

Katekista hakucheka. Alisubiri tukanyamaza, akauliza: "Yule Kony wa Uganda, si alikuwa akisema anataka nchi iongozwe kwa Amri Kumi za Mungu? Mbona redio ilisema waasi wa LRA, lile jeshi lake, basi? Sikusikia hata siku moja wanamgambo wa Kikristo." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Si kwamba nalalamika. Nauliza tu."

Kesho yake nilinunua daftari la kurasa mia moja. Tangu siku hiyo naandika maneno mnayotumia, siku na saa niliyoyasikia. Barua hii imetoka kwenye daftari hilo.

Neno lililojaza kurasa nyingi ni jihadi. Mnalieleza kwa msikilizaji kuwa ni "vita vitakatifu". Nimefundisha miaka thelathini na moja, na kila mwisho wa muhula niliandika kwenye ripoti za wanafunzi wavivu: "Aongeze jitihada." Wa wastani niliwaandikia: "Juhudi zake zinaonekana." Jitihada, juhudi, jihadi, mzizi wake wa Kiarabu ni mmoja, na maana yake ya kwanza ni kujikakamua. Lugha yetu ilishalipokea neno hili karne nyingi zilizopita, ikalikalisha darasani na shambani. Nanyi mmelichukua tena, safari hii kupitia Kiingereza, likarudi limevaa gwanda. Msikilizaji wa Kiswahili amegeuzwa mgeni wa neno ambalo babu yake alilitumia akilima mihogo.

Najua jibu lenu: wenyewe wanajiita hivyo. Kweli, wanajiita, na wapo wanaoua watu wakilitamka neno hilo. Lakini kishoka naye huja na ngazi begani na kujiita fundi wa umeme, na kwenye taarifa zenu mnamwita kishoka.

Kisha kuna "sharia". Wakili amesoma sheria, Bunge linatunga sheria, trafiki anakusimamisha kwa jina la sheria. Ila habari ikiwa ya Waislamu, irabu moja inabadilishwa na msikilizaji anaanza kuhisi upanga unanolewa. Nakubali kwamba wakati mwingine mnataka kutofautisha sheria ya dini na ya serikali, na hiyo ni haki yenu. Basi semeni "sheria ya Kiislamu" na muendelee. Madrasa nayo hivyo hivyo: kwenu ni mahali wanapoandaliwa washambuliaji, kwetu ni pale watoto wanapokwenda Jumamosi na juzuu zao wakirushiana viatu njiani. Na darasa, ambalo mtoto wa katekista na mtoto wangu walikaa dawati moja, limetoka kwenye mzizi huo huo.

Kuna neno lingine linalonichekesha zaidi ya kuniudhi, nalo ni Magharibi. Mtoto wa Ujiji akilisikia anafikiria kwanza sala ya rakaa tatu, jua likizama. Na jua linazama wapi? Linazama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Watu wetu wa magharibi ni wale wanaokuja na boti kutoka Kalemie na Uvira. Ninyi mnatuambia kila siku kuhusu mvutano wa "nchi za Magharibi na ulimwengu wa Kiislamu". Upande mmoja mmeweka dira, upande wa pili mmeweka dini. Meya wa London tangu 2016, Sadiq Khan, ni Mwislamu aliyezaliwa London hiyo hiyo. Yeye mnamhesabu upande gani? Ufaransa ina Waislamu kwa mamilioni. Na sisi wa Ujiji, tuliosilimu bila kuwa Waarabu, tunaopakana na Kongo, tunaotaniana na Wakatoliki msibani, mstari huo mnatupitishia wapi?

Msidhani nazungumza kwa kuwa nimesoma vitabu vya lawama. Mji wangu uliandikwa gazetini kabla babu zenu hawajazaliwa. Novemba 1871 aliingia hapa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, bendera ya Marekani imetangulia na bunduki zinapigwa hewani. Alikuwa ametumwa kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Sentensi aliyodai kumsalimia nayo, "Dr Livingstone, I presume?", inajulikana hadi kwa watoto wa London. Kurasa za tukio hilo katika shajara ya Stanley mwenyewe zimechanwa, na Livingstone katika maandishi yake hakuitaja. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia: hapo ndipo mwanahistoria anapovaa miwani.

Mwezi huo huo, akiwa hapa hapa, Livingstone aliandika barua kwa mwenye gazeti, James Gordon Bennett, akasema kwamba iwapo habari alizotoa kuhusu utumwa wa kutisha wa Ujiji zitasaidia kukomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki, kwake hilo litakuwa kubwa kuliko kugundua vyanzo vyote vya Nile. Tazameni: jina la mji wetu liliingia kwenye macho ya Wamarekani likiwa sifa ya utumwa.

Hakusema uongo. Sikuwahi kulipaka sukari jambo hili darasani na silipaki leo. Watumwa walipita hapa shingoni wana miti na minyororo. Waliowauza walikuwa Waislamu, Waarabu na Waswahili, na sisi tunaoishi Ujiji leo tuna damu ya waliofungwa na ya waliofunga. Julai 1871 Livingstone alishuhudia kwa macho yake mauaji ya watu sokoni Nyangwe, huko Kongo, na habari ile ilichangia kuisukuma Uingereza, hadi Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Gazeti lilifanya kazi yake. Mkilitaka gazeti lisilouma, hamtanisikia nikiwaunga mkono.

Kilichonishughulisha miaka yote ni kile ambacho gazeti halikubeba. Mwanzoni mwa 1869 Livingstone aliumwa kifua hadi akashindwa kutembea. Aliyemtibu na kumtafutia machela ya kumleta Ujiji ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mtu yule yule. Huwezi kumtoa Bogharib kwenye hukumu ya utumwa, lakini pia huwezi kueleza namna Livingstone alivyokuwa hai kukutana na Stanley bila kumtaja. Msomaji wa New York hakupewa mtihani huo mgumu. Wala hakukumbushwa kwamba nchi yake iliondoa utumwa mwaka 1865 tu, miaka sita kabla, na kwamba Stanley mwenyewe alipigana Shiloh, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1862 akiwa na sare ya majimbo yaliyotaka utumwa uendelee.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Karatasi zilipomwishia, Livingstone aliandika shajara yake ya 1871 juu ya kurasa za gazeti kuukuu, The Standard la London, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea. Wino ulififia, maandishi ya mkono yakamezwa na maandishi ya gazeti. Kitabu kilichochapwa 1874, baada ya kifo chake, kilitokana na nakala aliyoiandika upya mwenyewe, kisha ikapita kwa mhariri. Ni mwaka 2011 ndipo wataalamu, kwa kupiga picha kwa mianga maalumu, walipofanikiwa kuisoma ile ya kwanza. Wakakuta mambo kuhusu mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe ambayo toleo lililochapwa liliyapunguza makali. Miaka mia moja na arobaini habari ilikuwa chini ya gazeti, haisomeki.

Sijui kama mnaona kwa nini mwalimu wa Ujiji anawaandikia ninyi na si wahariri wa New York. Wale hawanisomi. Ninyi mnaweza.

Miaka kadhaa nyuma walikuja watu wa televisheni moja ya Ulaya, siitaji. Walinikuta kwenye bustani ya kumbukumbu ya Livingstone, penye ile miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe wa 1871. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi. Wakaniomba kwa adabu nikabadilishe, nivae kanzu. Mke wangu aliniangalia nikiitoa sandukuni: "Kanzu ya Idi unakwenda kuitia vumbi la nini?" Nilizungumza dakika arobaini, nikamtaja Bogharib, nikamtaja Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley kwa Kiingereza. Baadaye mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia kipande hicho kwenye simu. Niko ndani sekunde chache, natembea, sina sauti. Juu yangu wameweka adhana, na chini ya adhana ngoma nzito kama ya filamu ya majambazi. Adhana yenyewe ilikuwa ya msikiti wetu. Muadhini aliposikia aliuliza kama atalipwa.

Mwanafunzi huyo ndiye aliyenifungua macho kuhusu kazi yenu, maana anafanya kazi ya kutafsiri habari katika kituo kimoja Dar es Salaam. Ananiambia: "Mwalimu, habari zinakuja kwa Kiingereza kutoka mashirika yale yale, Reuters, AP, AFP. Napewa dakika ishirini. Nikikuta neno nalitupia la Kiswahili nililolizoea, naruka." Nikamuuliza kama mashirika hayo ndiyo yanayomlazimisha kusema magaidi. Akacheka. Mara nyingine Kiingereza kimesema watu wenye silaha tu, "magaidi" anaiongeza yeye kwa mazoea. Hapo nilikaa kimya. Reuters, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, waliwaambia waandishi wao wasitumie neno hilo kwa sauti ya shirika lenyewe, na walilaumiwa sana kwa hilo. BBC nao wana mwongozo unaofanana na huo, na walishambuliwa kwa maneno Oktoba 2023 kwa kuushikilia. Yaani mwenye habari anajizuia, sisi tunaotafsiri tunamwongezea pilipili.

Tuliwahi kuwa na SHIHATA, Shirika la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1976 ili tupate habari kwa macho yetu. Lilikuwa na udhaifu wake, likiwa mdomo wa serikali zaidi ya sikio la wananchi, na lilikufa. Silililii. Ila pengo lake lilizibwa na mtu mmoja mwenye dakika ishirini.

Sasa niseme la upande wa pili, ambalo baadhi ya ndugu zangu wa msikitini hawatalipenda.

Septemba 30, 2005 gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapa vibonzo 12 vya kumdhihaki Mtume. Kuudhika ilikuwa haki yetu. Lakini maimamu wa Denmark waliosafiri na jalada kwenda Mashariki ya Kati walibeba humo pia picha ambazo gazeti halikuchapa kamwe. Mojawapo ilimwonyesha mtu mwenye pua ya nguruwe. Ilikuwa picha ya mshindani katika mashindano ya kijijini huko Ufaransa ya kuiga milio ya nguruwe, haina uhusiano wowote na Mtume. Mwanzoni mwa 2006 watu walikufa kwenye maandamano katika nchi kadhaa. Nani kati yenu alirudi kutueleza habari ya ile picha? Mimi niliijua miaka mingi baadaye.

Mwaka 2023 Misahafu ilipochomwa Uswidi na Denmark, video zilifika kijiweni kwetu kabla kahawa haijapoa. Kila mtu alikuwa nayo. Vijana walikuwa wakali, na mmoja alimtazama katekista kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kiberiti, mzee wa watu aliyemsomesha mama yake kusoma na kuandika. Desemba mwaka huo huo Bunge la Denmark lilipitisha sheria inayokataza kudhalilisha hadharani maandiko matakatifu ya dini. Nilipouliza kijiweni ni nani amelisikia hilo, walitazamana. Hata mimi nililipata kwa kubahatisha, nikilisoma usiku kwenye simu ya mjukuu. Kama mlilitangaza, mlilitangaza wakati gani, kwa sauti gani? Moto ulikuwa habari ya kwanza, sheria haikufika hata kwenye ya mwisho. Mtu aliyebaki na moto peke yake ana picha gani ya Mzungu?

Makosa ya haraka yapo kila mahali. Julai 2011, muuaji alipowaua watu 77 Norway, gazeti la The Sun la London lilitoka asubuhi ukurasa wa mbele likisema ni mauaji ya Al-Qaeda. Alikuwa Mnorway, mwenye chuki na Waislamu. Redio ngapi zetu zilibeba ile ya kwanza na kuiacha ya pili ipite na taarifa za michezo?

Hapa Afrika Mashariki hatuhitaji kuazima mifano. Agosti 7, 1998 mabomu yalipolipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, walikufa watu 224, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Waliobaki ni watu wetu, wa dini zote, waliokuwa wanapita, wanaofanya kazi, wanaosubiri basi. Habari ilibaki kuitwa shambulio dhidi ya Marekani. Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, lilivamiwa na al-Shabaab. Waislamu waliokuwa ndani waliwavika Wakristo hijabu, wakagoma kujitenga, wakasema kama ni kuua tuueni wote. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Huyo ni mwenzangu wa chaki. Nimemwandika peke yake kwenye ukurasa wake daftarini, sikuweka kitu kingine.

Ninachoomba si kikubwa. Mna Jukwaa la Wahariri, mna Baraza la Habari tangu 1995, na kuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967. Kaeni siku moja mezani, hata nusu siku, muafikiane maneno haya: lini dini inatajwa mbele ya jina la muuaji na lini haitajwi, jihadi ielezwe vipi, mgambo ni nani. Mkikubaliana kwamba Kony ni mwasi tu, basi mwingine naye awe mwasi. Mkiona dini lazima itajwe, itajeni kwa wote. Na mkikosea saa moja usiku, msahihishe saa moja usiku, si alfajiri wakati sisi tunakwenda msikitini na wavuvi ndio wanarudi na dagaa. Mtafsiri wenu mwongezeeni dakika. Ishirini hazitoshi kuchemsha mihogo.

Nawaomba pia mwandishi mmoja aje huku, si kwa ajili ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu tu kama ilivyo kawaida, wala asiniombe nivae kanzu. Treni ya kati inafika mpaka Kigoma mjini, Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala.

Daftari langu limebakiza kurasa mbili. Nakala nimeiacha kwa kijana wa fotokopi karibu na stendi ya Ujiji, ukurasa ni shilingi mia, msimpunguzie bei maana umeme anaulipia mwenyewe. Mimi nipo kijiweni kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi. Kahawa nitalipa mimi, kashata mtajitegemea.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.